Chupa ya Arobaini na Moja

"Asiyetanguliza kipande kitupu ataosha vyombo vya wote siku saba, hata awe nani."

Maneno hayo yaliandikwa kwa rangi nyeusi ukutani, juu ya sinki la maabara, kwa mkono wa mzee aliyeianzisha. Mzee mwenyewe alikwisha kuzikwa, lakini amri yake ilibaki, na hapakuwa na mtu aliyeingia katika chumba kile, awe mtafiti au mfagizi, asiyeijua kwa moyo.

Kazi ya chumba hicho ilikuwa kuunasa ugonjwa wa figo kabla haujajitangaza. Figo inapoanza kuharibika huvujisha protini fulani katika mkojo, kidogo mno, hata vipimo vya kawaida huipita kama mtu anavyompita sisimizi njiani. Pale walikuwa na vipande vya kioo, kila kimoja saizi ya ukucha wa kidole gumba, vimepakwa dhahabu nyembamba kuliko ngozi ya ndani ya kitunguu. Juu ya dhahabu walipandikiza chembe za kuikamata protini ile, ambazo vitabuni zina jina refu lakini chumbani ziliitwa viganja. Mkojo ulipitishwa juu, mwanga mwekundu ukamulikwa kutoka chini. Viganja vikikamata kitu, mwanga unaorudi hupinda kidogo, na mstari kwenye skrini hupanda.

Lakini mwanga ni shahidi mwepesi wa kudanganywa. Uchafu huupinda, sabuni huupinda, hata baridi huupinda. Ndiyo maana pakawepo kipande kitupu, chenye dhahabu lakini kisicho na viganja. Majimaji yale yale hupitishwa kwanza juu yake. Mstari ukipanda hapo pia, basi kilichopanda si ugonjwa, ni uongo.

Mwanamke aliyeosha vipande hivyo na chupa zake aliitwa Mama Vioo. Jina lake la ubatizo lilikuwa katika faili la ofisi ya utumishi, na huko lilikaa. Alikuwa amesimama mbele ya sinki lile miaka kumi na tisa. Alijua kioo kilichooshwa kwa haraka na kioo kilichooshwa kwa adabu kwa kukishika tu, gizani au mwangani.

Alhamisi moja walikuwa wakipima mikojo ya watu arobaini, wafanyakazi wa shule iliyo karibu, waliojitolea. Mmoja wao alikuwa mumewe, mpishi wa shule hiyo, ambaye hakutaka; ni Mama Vioo aliyembembeleza wiki nzima mpaka akakubali. Chupa ishirini na tisa zilipimwa kwa utaratibu. Kisha simu ikalia katika ofisi ya mkuu wa maabara, ambaye wote walimwita Daktari, ingawa alikuwa daktari wa vitabu na hakuwahi kumshika mgonjwa mkono. Alitoka amekunja mikono ya shati. Wakaguzi wa mradi walikuwa njiani kuja mwezi ule ule, nao walitaka majibu ya watu wote arobaini yatumwe kabla ya saa saba mchana.

"Toeni zilizobaki moja kwa moja kwenye friji," alisema. "Msingoje ubaridi uziishe."

Mtafiti kijana aliyeendesha mashine, binti waliyemwita Miwani, aligeuka. "Na vipande vitupu, Daktari?"

"Vipande vitupu ni vya wanafunzi. Mashine hii imekwisha kukomaa, haihitaji kushikwa mkono."

Miwani alitazama ukutani, akatazama chini, akapima. Chupa kumi na moja za mwisho zilipomfikia Mama Vioo sinkini, zilikuwa zinatoka jasho kwa nje, matone yakiteremka mpaka kwenye kiganja chake. Akajifuta mkono kwenye aproni. Hakuwa ameulizwa.

*

Jumatatu iliyofuata, orodha ya watu kumi na mmoja ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule, kati ya ratiba ya zamu na tangazo la mwavuli uliopotea. Daktari aliituma bila bahasha, na karani wa shule hakuona sababu ya kuificha. Juu yake paliandikwa: "Waliokutwa na dalili za awali za ugonjwa wa figo." Mpishi alikuwa wa tatu. Wa tisa alikuwa mtunza bustani, mtu mkimya asiye na mke, aliyezungumza na miche yake zaidi ya alivyozungumza na walimu.

Kabla ya saa nne, Mwalimu Mkuu alikwisha kumwita Mpishi ofisini.

"Usinielewe vibaya, mzee wangu," alisema. "Ni wazazi. Wakisikia mgonjwa anapikia watoto wao, nitawaambia nini?"

"Figo haiambukizi, Mwalimu."

"Mimi najua. Wewe unajua. Mzazi hajui."

Wakampa kiti na daftari la wageni, wakamketisha getini. Mwiko wake mkubwa, alioukorogea miaka ishirini na ambao mpini wake ulikuwa umechimbika kwa umbo la vidole vyake, akaambiwa amwachie mpishi wa muda. Yule wa muda aliupokea kwa mkono mmoja.

Nyumbani, mama yake Mpishi, ajuza mwenye ulimi mkali na miguu mibovu, alizipokea habari kwa kupiga kofi paja lake.

"Mwanangu? Huyu ambaye hata jino halijawahi kumuuma? Nani kasema?"

"Mashine, mama."

"Mashine ya nani?"

Mpishi aliinama kuvua viatu. Mama Vioo, aliyekuwa akikunja nguo, alihisi macho ya mama mkwe yakimshukia shingoni kama maji ya moto.

"Ahaa," alisema ajuza. "Ya kwenu huko."

Jioni hiyo Mama Vioo aliona kikombe cha mumewe kimetengwa rafuni, kimefunikwa kwa kisahani.

"Mama, mwanao unamwogopa?"

"Simwogopi yeye. Nakiogopa kikombe."

Mpishi alicheka, maana mama yake alikuwa na kipaji cha kumchekesha mtu hata msibani. Kisha akakichukua kikombe chake, akaenda kunywea uani.

Kesho yake alikwenda hospitali kwa miguu yake. Wakampima kwa namna ya kawaida, wakampa karatasi: hana kitu. Aliikimbiza karatasi hiyo kwa Mwalimu Mkuu, naye akaisoma mara mbili, akamrudishia.

"Mzee wangu, si ndiyo sifa yenyewe ya ile mashine? Inaona yale ambayo hospitali haijaanza kuyaona. Hospitali itakuona mwaka ujao."

Mtu aliyehukumiwa na shahidi asiye na mwenzake, atakata rufaa wapi?

*

Siku hiyo hiyo ya Jumanne, Mama Vioo alivua aproni, akapiga hodi kwa Daktari. Katika miaka kumi na tisa alikuwa ameingia ofisi ile kufagia tu. Hakukaribishwa kiti.

"Daktari, naomba dakika mbili. Zile chupa kumi na moja zilitoka kwenye friji. Zilikuja kwangu zinatoka jasho."

"Zilitoka nini?"

"Jasho. Zilikuwa baridi bado. Marehemu mzee alikuwa akisema majimaji ya baridi ni mazito kwa mwanga, yanaupandisha mstari hata kama hakuna kitu ndani. Naomba zirudiwe, kwa kipande kitupu."

Daktari alivua miwani yake akaisugua kwa ncha ya tai. Hakuwa mtu mjinga. Hilo ndilo lililoifanya dhambi yake kuwa nzito. Alielewa neno kwa neno alichoambiwa. Lakini majibu yalikwisha kutumwa, na kuyarudisha kulikuwa kukiri, mbele ya wakaguzi, kwamba alikimbia.

"Mama," alisema taratibu, kama mtu anayemwelekeza mtoto njia ya chooni, "nani anaosha vioo hapa?"

"Mimi."

"Na nani anasoma mwanga?"

Mama Vioo aliitazama mikono yake.

"Basi tugawane hivyo hivyo. Wewe osha, mwanga tuachie sisi. Mumeo ni mgonjwa, pole sana. Uchungu wa mke naujua. Lakini usiniletee jiko lako kwenye maabara yangu." Kisha, Mama Vioo alipokwisha kushika kitasa cha mlango, akamwongezea: "Na kama zilikuwa na kasoro, mimi nitaanza kwa kuuliza zilioshwaje."

Mlangoni palikuwa na watafiti wawili waliosikia. Mmoja alijifanya kusoma simu. Mama Vioo alirudi sinkini, akafungua bomba, akaacha maji yamwagike juu ya mikono yake mitupu, bila kioo, kwa muda mrefu. Wala hakulia. Kilichomjia hakikuwa machozi. Kilikuwa kitu kikavu, kilichotulia, kama msumari uliokwisha kuingia ubaoni mpaka kichwa.

*

Jumatano, Daktari alipokwenda mkutanoni, Miwani alimsogelea kando ya sinki.

"Mama Vioo, chupa ya mumeo bado ninayo. Nimeitoa kwenye friji tangu asubuhi. Twende?"

"Ukikamatwa?"

"Nikikamatwa nitaosha vyombo. Amri si inasema hivyo?"

Wakafunga mlango. Miwani alipitisha mkojo juu ya kipande kitupu, mstari ukalala. Akapitisha juu ya kipande chenye viganja. Mstari ukalala vilevile, mnyoofu kama uzi wa fundi mwashi. Wakangoja dakika ishirini. Haukupanda hata unywele.

"Mzima," alisema Miwani. "Mumeo mzima kama kengele. Na wale kumi nao, haki ya Mungu, ni baridi tu."

Alichapa karatasi, akaandika tarehe na saa kama ilivyo desturi ya chumba kile, akatia sahihi. "Ipeleke shuleni leo. Mimi niko tayari kusimama nayo."

Mama Vioo aliikunja karatasi mara nne. Alikuwa amekwisha kufika mlangoni alipouliza, kana kwamba ni jambo dogo, "Hawa wakaguzi wa Ijumaa ya wiki ijayo, kiongozi wao ni nani?"

Miwani alimtajia. Mama Vioo alilijua jina hilo. Alimkumbuka mwanamke huyo akiwa msichana mwembamba, mwanafunzi wa marehemu mzee, mwaka wake wa kwanza hapa. Alisahau kipande kitupu siku moja, na mzee akamsimamisha mbele ya sinki hili hili siku saba, mikono imemwiva kwa sabuni, na Mama Vioo pembeni akimfundisha kusuuza.

"Karatasi hii," alisema, "tukiipeleka leo, Daktari atafanyaje?"

"Atasahihisha."

"Atasahihisha kimyakimya, na kosa litakuwa la mwoshaji. Amekwisha kuniambia. Wewe utahamishwa, mimi nitafukuzwa, naye atapokea wageni kwa suti."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tungoje Ijumaa."

"Mama, ni siku tisa! Na mzee nyumbani?"

"Mzee ni mume wangu. Nitamlipa mwenyewe."

Hoja yake ilikuwa ya kweli, kila neno. Lakini chini ya hoja palikuwa na kitu kingine, naye alikijua: alitaka kuiona mikono ile ya shati jeupe ikiingia ndani ya maji machafu. Alifika nyumbani, akaiweka karatasi ndani ya kopo la vifungo, chini kabisa, akashindilia kifuniko.

*

Siku tisa ni nyingi kwa mtu anayeketi getini. Wanafunzi waliokuwa wakimwita "Baba Sufuria" na kumwomba ukoko walipita wakimsalimu kwa heshima ya kutisha, ile wapewayo wagonjwa. Mwalimu mmoja alimletea tunda, akaliweka kwenye ncha ya meza, akarudi nyuma. Mpishi wa muda aliunguza chakula mara mbili, na moshi ukamfuata Mpishi mpaka kwenye kiti chake, naye akajua kwa harufu tu ni sufuria ipi na imekosewa nini, asiweze kuinuka.

Nyumbani aliacha chumvi. Akaacha kupiga mluzi. Usiku mmoja kabla ya kulala alimwambia mkewe, "Nikitangulia, mama usimpeleke kwa dada. Watagombana."

"Hutatangulia popote."

"Umejuaje?"

Neno lilimfika mpaka kwenye meno. Akalimeza. "Najua tu," alisema, akampa mgongo.

Jumamosi, siku ya tatu tangu karatasi iingie koponi, Mpishi alirudi na habari.

"Mtunza bustani ameondoka."

"Ameondoka kwenda wapi?"

"Nani amjue? Amefunga mzigo wake, amenywesha miche yake yote, akaniachia ufunguo wa stoo getini. Nikamwambia, ndugu yangu, ngoja. Akaniambia, hapa nitaozea mbele za watu. Heri nikaozee nisipojulikana."

Mama mkwe aliguna. "Mwanamume mzima! Na kuugua hajaanza."

Mama Vioo alikuwa ameshika sindano na uzi. Kopo la vifungo lilikuwa mbele yake, mezani, limefunguliwa nusu. Mkono wake ulisimama juu yake kwa kitambo, kisha ukachukua kifungo cha shati, kile cha juu kabisa.

"Mungu atamwongoza," alisema.

Na Mungu, ambaye hutwishwa mizigo mingi na watu wenye miguu yao, alitwishwa na huu.

*

Ijumaa ilifika. Wakaguzi walikuwa watatu. Kiongozi wao alikuwa mama wa makamo, mvi zimeanza kumtoka, koti la kijivu, viatu vya chini. Aliingia maabara akatazama kwanza sinki, kisha ukuta, kisha watu. Macho yake yakamkuta Mama Vioo, yakasita, yakaendelea.

Daktari alikuwa amevaa suti. Alizungumza vizuri, hilo halikanushiki. Aliueleza mwanga mpaka wageni wakauona. Kisha akasema watapima chupa tatu mbele yao, waone kwa macho. Kutayarisha trei ilikuwa kazi ya Mama Vioo, kama ilivyokuwa daima. Akaileta. Mbili, zilizobaki kutoka upimaji wa awali wa watu wengine, zilikuwa zimetoka kwenye friji tangu alfajiri. Ya tatu aliitoa dakika ile ile, akaifuta jasho kwa kitambaa kikavu, akaigeuza namba yake ielekee mbele: arobaini na moja. Daktari aliitazama namba hiyo, akapita. Hakukumbuka watu wake walikuwa wangapi.

Miwani alipima ya kwanza. Mstari ukalala. "Huyu ni mzima," alisema Daktari. Ya pili, mstari ukapanda polepole, ukakaa. "Huyu anahitaji kuangaliwa. Hospitali zisingemwona mpaka mwaka ujao." Wageni wakaandika. Ya tatu, mstari ukaruka kama mbuzi aliyeona pengo la ua.

"Loo!" alisema mkaguzi mmoja. "Na huyu?"

"Huyu," Daktari akashusha sauti kwa huzuni nzuri, "huyu amwone tabibu leo hii. Figo zake zina hali mbaya."

"Hana figo," alisema Mama Vioo.

Daktari akageuka. "Mama, nenda sinkini."

"Niko njiani, Daktari. Nasema tu huyo hana figo. Wala hana moyo, wala maini. Huyo ni maji ya bomba na kijiko cha chumvi. Nimemchanganya mwenyewe saa mbili asubuhi, nikamlaza kwenye friji. Watu wako walikuwa arobaini. Huyu wa arobaini na moja ni wangu."

Mkaguzi kijana alicheka kabla hajajizuia. Kiongozi wao hakucheka. Alinyoosha mkono, akaigusa chupa kwa mgongo wa vidole, akahisi ubaridi.

"Kipande kitupu kiko wapi?" aliuliza.

"Mheshimiwa, kwa maonyesho ya haraka kama haya..."

"Sikuuliza haraka. Nimeuliza kiko wapi."

Miwani alifungua droo, akakitoa, akakiweka, akapitisha maji yale yale juu yake. Mstari ukaruka hivyo hivyo juu ya kipande kisicho na kitu cha kukamatia kitu. Hapakuwa na haja ya maneno, lakini Mama Vioo alikuwa na maneno yaliyolala siku tisa, akayatoa. Aliwataja watu kumi na mmoja, kazi kwa kazi: mpishi, karani wa stoo, mwalimu wa hesabu, mpaka mtunza bustani. Akaeleza ubao wa matangazo. Akaeleza kikombe chini ya kisahani. Akamaliza kwa kusema, "Nikamwendea Daktari ofisini, nikaambiwa nioshe. Nimeosha. Sasa naomba na wengine waoshe."

Daktari alikuwa amegeuka rangi ya majivu. "Ni mke wa mmoja wa wagonjwa," aliwaambia wageni. "Ana uchungu."

"Ana haki," alisema mkaguzi mkuu. Akaelekeza kidole ukutani. "Mimi niliosha hapa, mwaka wangu wa kwanza. Huyu mama alinifundisha kusuuza. Mradi wako utasimama mpaka watu wote arobaini wapimwe upya mbele ya shahidi. Barua za kuwaomba radhi hao kumi na mmoja utaziandika kwa mkono wako na kuzipeleka kwa miguu yako. Hilo ni la ofisi yangu. Lakini la chumba hiki, sina mamlaka ya kulibadili. Linasema siku ngapi?"

Watafiti wote walikuwa wakiutazama ukuta.

"Saba," alisema Daktari.

"Hata awe nani," akamalizia mkaguzi.

*

Alianza Jumatatu. Alikuja na glavu mpya; Mama Vioo akazichukua, akaziweka kando.

"Hizo zinateleza. Vioo huoshwa kwa mkono, ndiyo mkono ujue."

Siku ya kwanza alivunja chupa mbili. Siku ya pili shati jeupe liliingia madoa yasiyotoka. Mama Vioo alisimama nyuma yake, mikono ameifunga kifuani, akasema kwa upole uliokata kuliko kisu: "Suuza mara tatu, Daktari. Hiyo ni mara mbili. Hapana, usiimimine, izungushe. Nani anaosha vioo hapa?"

"Mimi," alisema kwa meno yaliyofungwa.

"Sikusikia."

"Mimi."

Watafiti walipita na kutazama simu zao. Usiku Mama Vioo alilala usingizi mtamu ambao hakuwa ameupata kwa wiki mbili nzima. Na ningekuwa mwongo kama ningesema kisasi kile hakikuwa na ladha. Kilikuwa nayo, naye alikila mpaka akalamba sahani.

Mpishi naye alirudi jikoni Jumatatu hiyo hiyo. Chupa zote kumi na moja zilikuwa zimerudiwa kwa kipande kitupu, na hakuna mstari uliopanda. Barua ilisomwa mbele ya wafanyakazi wote. Mwalimu Mkuu alimkabidhi mwiko wake kwa mikono miwili, na wanafunzi wakapiga masufuria mpaka ajuza, aliyeletwa kushuhudia, akalia huku akiitukana mashine. Jumanne ya wiki iliyofuata, siku ya saba ya kazi, Daktari alipokwisha kuosha chombo chake cha mwisho na kuondoka bila kuaga, Mama Vioo alikwenda nyumbani akiimba wimbo wa kanisani.

Mumewe alikuwa ameketi mezani. Mbele yake palikuwa na aproni iliyokatika kifungo, kopo la vifungo limemwagwa, na karatasi iliyokunjuliwa kutoka mikunjo minne.

"Nilikuwa natafuta kifungo," alisema.

Hakusimama. Hakupaza sauti, na heri angepaza.

"Nyinyi wa maabara mna desturi nzuri. Kila kitu mnakiandika tarehe. Hata saa." Akaweka kidole. "Jumatano, saa tano na robo asubuhi."

"Baba, sikiliza. Ningeipeleka siku ile, angenigeuzia mimi kosa. Angefukuza..."

"Najua. Nimeketi hapa tangu saa tisa, nimekutetea kwa kila hoja unayoijua, na mbili usizozijua. Nimekusamehe siku zangu tisa. Nilizikaa kitini, hazikuniua." Akainua macho. "Mtunza bustani aliondoka lini?"

Alijua kwamba mumewe anajua. Akajibu hata hivyo, maana swali lile lilitaka kinywa chake.

"Jumamosi."

"Karatasi ilikuwa imekaa koponi siku ngapi?"

"Tatu."

"Barua kumi zimepokelewa. Ya kumi na moja iko wapi?"

"Mezani kwa Miwani. Hakuna anayejua pa kuipeleka."

Mpishi alichagua kifungo, akaanza kutunga uzi kwenye sindano. Vidole vyake vikubwa vilikosa tundu mara mbili. Kutoka chumbani, sauti ya ajuza ikasema, "Mkamua jipu husahau usaha ulikorukia."

*

Mama Vioo aliomba likizo, ya kwanza katika miaka sita. Alikwenda kwa binamu wa mtunza bustani, ambaye alimfukuza mlangoni akidhani ni mtu wa mashine. Alikwenda kanisani kwake, kisha kwa mwenye nyumba wake wa zamani, kisha kwa mwanamke muuza mbolea aliyemcheka usoni: "Wewe ndiye mkewe? Kumbe alikuwa na mke!" Aliulizwa kila mahali anamtafutia nini mtu mzima aliyeondoka kwa hiari yake. Hakupata jibu fupi. Siku ya saba, kilomita nyingi kutoka nyumbani, alimkuta katika kitalu cha miche kando ya barabara kuu, amekonda, amechuchumaa, anahamisha mche kutoka kopo moja kwenda jingine.

Alimpa barua. Akaisoma polepole, midomo ikitembea. Alipofika mwisho akairudia. Kisha akaketi kwenye udongo, akacheka kicheko kidogo kisicho na furaha, kama mtu aliyeona nguo yake iliyopotea imevaliwa na mwingine.

"Kwa hiyo siumwi."

"Huumwi."

"Nimeuza kitanda changu," alisema. "Nimewaaga watu."

Angeweza kuishia hapo. Barua ilikuwa na sahihi ya Daktari, kosa lilikuwa na mwenyewe, na jasho la safari lingemtosha kuwa malipo. Mama Vioo alibaki amesimama mbele yake, mkoba mkononi.

"Ndugu yangu, kuna jambo haliko katika barua. Nilijua siku tatu kabla hujaondoka. Karatasi ilikuwa kwangu. Niliificha ili nimfedheheshe mtu."

Mtunza bustani alimtazama. Akakunja barua, akaitia mfukoni mwa shati, akafunga kifungo.

"Ulimfedhehesha?"

"Ndiyo."

"Vizuri?"

"Vizuri sana."

Akatikisa kichwa, wala haikujulikana kama ni kukubali au kukataa. Akainuka, akaokota ndoo mbili zilizokuwa kando ya bomba, akaziweka miguuni pa mgeni wake. Nyuma yake miche ilikuwa imepangwa safu kwa safu, mpaka kwenye ua wa mbali.

"Hii haijanyweshwa tangu jana," alisema. "Usimwagie majani. Mwagia shina."

Mama Vioo aliweka mkoba chini, akavua viatu, akafungua bomba. Mtunza bustani alirudi kwenye kopo lake, asimtazame tena. Safu zilikuwa thelathini na mbili. Alipoumaliza mche wa mwisho wa safu ya mwisho, jua lilikuwa limekwisha kuvuka ua, na mikono yake ilikuwa imechubuka kwa mishikio ya ndoo. Akazisuuza ndoo zote mbili mara tatu, akazifudikiza kando ya bomba, akavaa viatu vyake.